Baiskeli ya Kumbebea Mama

Baada ya kiharusi, Mama alibaki na mkono mmoja mzuri, mguu mmoja wa kuaminika na nusu ya mdomo. Hivyo ndivyo alivyojieleza mwenyewe, na alipofika kwenye hiyo nusu ya mdomo alicheka, kwa sababu alijua mtu asiye wa nyumbani hangeelewa alichosema. Mimi nilielewa. Nilikuwa nimekaa naye tangu atoke hospitalini, na sikio langu lilikuwa limeizoea sauti yake kama mtu anavyoizoea redio yenye mikwaruzo. Maneno yake nitayaandika hapa kama nilivyoyasikia mimi, siyo kama yalivyotoka.

Tuliishi mtaa wa Huruma, mimi na yeye tu. Baba alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Asubuhi nilienda kazini kwenye duka la mbao ambako mimi ni karani, na jirani akawa anamtupia jicho. Jioni nikirudi nilimkuta pale pale nilipomwacha, kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akitazama barabara. Huyu ni mwanamke aliyeuza nyanya soko kuu tangu mimi sijaanza shule. Alijua ni nani amejifungua, ni nani ameachwa, ni lori la nani limekwama njiani na mzigo. Sasa dunia yake ilikuwa kipande cha barabara kutoka kwa kinyozi hadi kwenye bomba la maji.

Kumtoa pale ilikuwa kazi. Boda boda ilimshinda, kwa sababu inataka mikono miwili ya kushikilia. Tulijaribu mara moja, akaanza kuteleza upande kama gunia lililofungwa vibaya, na mwenye pikipiki akaogopa kuliko sisi. Tuktuk hazikupenda kuingia upande wetu, hasa mvua ikinyesha. Kanisa lilituazima kiti cha magurudumu, kikazama kwenye matope kabla hakijafika langoni. Mama alikaa ndani yake akitazama mbele, mwavuli juu, kama abiria ambaye gari limemharibikia njiani na hataki kugombana na dereva.

Ndipo nikaikumbuka baiskeli yangu. Ilikuwa imetundikwa ukutani stoo, baiskeli ya milimani, ya rangi ya buluu, yenye magurudumu mapana na gia nyingi ambazo nusu yake zilikuwa zimegoma. Niliinunua nikiwa msichana kutoka kwa mwanariadha mmoja aliyekuwa akiondoka kambini Kaptagat, na kwa miaka kadhaa niliipanda kwenda kazi yangu ya kwanza Chepkoilel, jaketi limefungwa kiunoni, upepo wa asubuhi ukinitoa machozi. Nilipopata kazi ya mjini niliitundika, nikasema nitaipanda wikendi. Sikuipanda.

Siku moja nilikuwa nimeona kwenye simu video ya mwanamke wa nchi za baridi anayepeleka watoto wake shule ndani ya sanduku lililounganishwa mbele ya baiskeli. Watoto walikuwa wamekaa kama mayai kwenye trei. Niliitazama ile video mara nyingi. Watoto wale watatu, nikawaza, wakijumlishwa hawamfikii Mama, lakini chuma ni chuma.

Nilimpelekea wazo fundi mmoja mwenye karakana ya mabati karibu na wanapouza vitanda vya chuma. Alitazama video, akatazama baiskeli, akajifuta mikono.

“Madam, wewe unataka mkokoteni wenye padeli.”

“Nataka kiti cha mama yangu chenye padeli.”

“Mama ni mzito?”

“Ni mama wa soko.”

Akacheka. “Basi tuweke chuma kinene.”

Alinieleza jinsi itakavyokuwa. Gurudumu la mbele litatolewa, pamoja na foko, ile mikono miwili inayolishika. Mahali pake patawekwa sanduku la chuma na mbao lenye magurudumu mawili madogo ya baiskeli za watoto, moja kila upande. Anayeendesha atakuwa nyuma, akilisukuma sanduku mbele yake, na kugeuza mpini kutakuwa ni kugeuza sanduku zima. Mbao nilisema nitaleta mimi, maana kazini vipande vizuri vya saipresi vilikuwa vikitupwa kila wiki.

Alipowasha grinda na kuanza kukata foko, cheche zilimwagika hadi kwenye viatu vyangu. Nilifikiri nitaumia sana. Niliumia kidogo tu, kama unavyoumia ukimwona mtu uliyesoma naye amezeeka. Kisha nikamwomba anipe kile kipande kilichokatwa, na aliponipa sikujua nikifanye nini, nikakirudisha kwenye rundo lake la vyuma.

Jumapili moja fundi alikuja nyumbani kumpima Mama. Alikuwa na tepu ya kupimia, akampima upana wa nyonga, urefu wa mgongo, kutoka goti hadi kisigino, kwa adabu sana, akisema “Samahani, Mama” kila alipomgusa.

Mama akanitazama. “Huyu ananipimia jeneza?”

“Mama anasemaje?” fundi akauliza.

“Anasema usiondoke kabla ya chai.”

Mama alinikata jicho. Ilikuwa tabia yangu tangu augue. Watu waliponiuliza amesema nini, niliwapa kitu laini kuliko alichosema. Pasta alipokuja kumwombea, Mama alisema maombi yake ni marefu na mguu umekufa ganzi, nami nikasema anashukuru. Nilijiambia kwamba namlindia heshima. Yeye alijua, na kwa kuwa hakuwa na mdomo wa kunikanusha, alizoea kunikata jicho tu.

Kazi ilichukua muda wote wa kiangazi kile. Mara ya kwanza kuijaribu tuliweka gunia la mahindi mahali pa Mama. Nilikwenda vizuri hadi nilipokata kona, sanduku likainuka upande mmoja na gunia likajimwaga barabarani, kuku wa mtaa mzima wakaja. Fundi aliiona ajali ile akiwa mlangoni pa karakana yake, akashika kichwa. Alirefusha chuma cha katikati ili magurudumu yakae mbali zaidi, akaishusha sakafu ya sanduku karibu na ardhi, akaongeza breki kwenye magurudumu yote mawili ya mbele. Tulijaribu tena, na gunia likarudi salama. Nyumbani niliweka godoro dogo, mkanda wa kiunoni uliotoka kwenye gari bovu, na mahali pa kusimamisha mwavuli.

Mama alikizunguka kile kitu kwa macho, maana miguu ilikuwa ya polepole.

“Mkokoteni,” alisema.

“Si mkokoteni, Mama. Ni baiskeli.”

“Nimebebesha nyanya kwa mikokoteni maisha yangu yote. Sasa nyanya ni mimi.”

Lakini alivaa kitambaa chake kizuri cha kichwa, kile cha harusi za watu, na akaniruhusu nimwingize.

Nilimpeleka sokoni. Sikumuuliza anataka kwenda wapi, kwa sababu nilidhani najua. Kwa miezi yote ile ya kukata na kuchomelea, nilikuwa nikiiona siku hiyo kichwani: wanawake wa soko wakiinuka, Mama akishangiliwa. Na ilikuwa hivyo. Tulipoingia, mmoja alipiga kelele, “Mama Nyanya!” na wengine wakaacha mizani zao wakaja mbio. Walimshika mashavu, walimwimbia, walimjazia mapajani sukuma wiki na parachichi. Mmoja alilia. Mwingine aliuliza nani ametengeneza gari hili, na yeye anataka moja la kumbebea mume.

Mahali pa Mama palikuwa na msichana anayeuza karoti. Alipoambiwa huyu ni nani alisimama haraka, akapangusa kiti chake na kumkaribisha akae. Mama alitikisa kichwa. Alikuwa akitazama pembeni, meza ya pili, ambako sasa palikuwa na mwanamume anauza ndizi.

Meza ile ya pili ilikuwa ya mwanamke tuliyemwita Anti. Aliuza vitunguu. Familia yake ilitoka upande wa kati, Nyandarua, wakaja kulima kipande cha shamba Kiplombe, na yeye na Mama walikaa meza kwa meza kwa miaka, nyanya na vitunguu, mteja wa mmoja akiwa mteja wa mwingine. Mimi nilisukwa nywele na mikono yake inayonuka vitunguu. Kisha Baba alipofariki, kitu kilitokea kati yao, na Mama akahamisha meza yake hadi mwisho mwingine wa soko. Alirudi mahali pake baadaye, Anti alipoacha biashara. Sikuwahi kuuliza kulikuwa na nini. Katika nyumba yetu mambo mengi yalikuwa hayaulizwi.

“Twende,” Mama alisema.

“Hata hatujamaliza kusalimia watu.”

“Twende nyumbani.”

Njiani nilimwona bega likitikisika. Nilifikiri analilia meza yake. Nilijilaumu kwa kumpeleka kuona kwamba soko limeendelea bila yeye. Kutoka siku hiyo alikataa kuingia kwenye sanduku. Nikimwambia twende kanisani, alifunga macho. Nikimwambia twende tuote jua mtoni, alisema jua liko hata hapa mlangoni. Wiki zikapita. Baiskeli nikaigeuza ya kubebea maji na kupelekea mahindi posho mill kusagwa, na majirani wakaanza kuiazima. Nilipomwona jirani akisomba makaa kwa kile kitu nilichokitengenezea godoro, nilitaka kumnyang’anya, lakini ningemwambia nini? Mwenyewe hakuitaka.

Pasaka ikapita. Jumamosi moja nilikuwa napakia gunia la mahindi, Mama akasema kutoka kwenye kiti chake, “Toa hilo gunia.”

“Linaenda posho mill, Mama.”

“Toa. Nipeleke Kiplombe.”

Nilisimama na gunia begani. “Kiplombe kuna nini?”

“Kwa mwenzangu.”

Sikuhitaji kuuliza mwenzake ni nani. Nililishusha gunia, nikafuta unga na vumbi la makaa, nikaweka godoro. Hakuomba kitambaa cha harusi. Alienda na kile cha nyumbani.

Ukimwendesha mtu aliyekaa mbele yako, humuoni uso. Unaona kisogo tu, na yeye anaona barabara. Nafikiri ndiyo sababu alisema. Tulikuwa tumeacha lami, tuko kwenye barabara ya murram, mashamba yamelimwa pande zote mbili, na mimi nimeshuka, nasukuma kwa sababu ya mlima, sina pumzi hata ya kujibu.

“Unajua alisema nini?” Mama aliuliza. “Siku ya matanga ya baba yako?”

“Hapana.”

“Watu walikuwa wamejaa nje. Mimi niko chumbani. Akaingia, akafunga mlango, akanishika, akaniambia sikioni, ‘Sasa utapumzika.’”

Niliendelea kusukuma.

“Nilimtoa chumbani. Nilimwambia asije kwenye mazishi. Nilimwambia ananitukania bwana wangu hata hajazikwa.”

Lazima niseme Baba alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa dereva wa malori, na alipokuwa safarini nyumba yetu ilikuwa nyumba ya kawaida. Aliporudi, ilitegemea amelewa kiasi gani. Kuna asubuhi nyingi ambazo Mama alinibeba mgongoni tukaenda kwa miguu hadi Kiplombe, kwa Anti, na Anti alifungua mlango bila kuuliza kitu, akaweka chai jikoni. Kwa hiyo Anti alijua. Yeye peke yake ndiye aliyejua kila kitu. Baba alipokufa tulimlilia kama baba wa watu wote, tukatundika picha yake sebuleni akiwa na tai, na tangu siku hiyo mimi na Mama tulikuwa tukisema “marehemu baba yako” na “marehemu Baba” kwa sauti ya chini, kama watu wanaopita karibu na mtoto aliyelala.

“Nilikasirika,” Mama alisema, “kwa sababu alikuwa sawa. Nilipumzika kweli. Usiku ule ule nililala kama jiwe. Mwanamke amefiwa, analala kama jiwe. Ningemtazamaje?”

Mlima ulikuwa bado. Tulipofika juu nilisimama, nikashika breki, na kitu pekee nilichofanya ni kumrekebishia mwavuli.

“Ulikuwa unamtafuta siku ile sokoni,” nilisema baadaye.

“Nilifikiri huenda amerudi.”

“Si ungeniambia?”

“Hukuniuliza.”

Nyumba ya Anti niliitambua kwa ua wa michongoma na mti wa loquat uliokuwa umekua kupita paa. Langoni palikuwa na kufuli. Kwenye kipande cha shamba, mahali pa vitunguu, kulikuwa na mahindi machanga ya mtu mwingine, na mwanamke alikuwa akipalilia. Aliacha jembe akaja. Alikuwa mpangaji wa shamba, alisema. Mwenye nyumba ameenda.

“Ameenda wapi?”

“Ol Kalou, huko Nyandarua, kwa binti yake. Macho yamekuwa mabaya, sasa hawezi kukaa peke yake. Watoto walikuja wakamchukua Pasaka hii. Hata hamjapishana sana.”

Pasaka ilikuwa wiki chache tu nyuma. Wiki zile baiskeli ilikuwa ikibeba makaa ya jirani.

Yule mwanamke alikuwa na namba ya simu. Niliipiga, nikaweka spika, nikamshikia Mama simu karibu na mdomo, kwa sababu alinionyesha kwa mkono kwamba yeye ndiye atakayesema. Simu iliita, ikapokelewa. Sauti ya Anti ilikuwa ile ile, imekwaruza kidogo tu.

“Haloo?”

Mama alisema jina lake. Alisema, “Ni mimi, mwenzako.” Aliyasema vizuri, kwa kipimo chake. Mimi nilisikia kila neno.

“Haloo? Ni nani?”

Mama alirudia.

“Kuna mtoto anacheza na simu,” Anti alimwambia mtu aliyekuwa naye. “Wewe mtoto, mpe mama yako simu.”

Mama alinitazama. Sijawahi kuona uso wake namna ile, hata hospitalini. Nikachukua simu, nikajitambulisha, na Anti akapiga kelele ya furaha hadi yule mwanamke wa shamba akatabasamu. Aliuliza kama nimeolewa, kama bado nina nywele ngumu, na Mama yuko wapi. Nikamwambia Mama yuko hapa, ndiye aliyekuwa akisema, aliugua kiharusi.

“Huyo ndiye alikuwa anaongea?”

“Ndiye, Anti.”

“Woi. Woi, na mimi nimemwita mtoto.”

Mama alinivuta mkono. “Mwambie alikuwa sawa,” alisema. “Mwambie nilipumzika.”

“Mama anasema pole kwa...” nilianza.

Mkono wake mzuri ulipiga ubao wa sanduku, kwa nguvu. “Sema vile nimesema.”

Netiweki pale ni mbaya. Sauti ilikuwa ikikatika, na Anti alikuwa akisema “Ati?” kila baada ya neno. Kwa hiyo ilibidi nipaze sauti. Nilisimama kando ya barabara ya Kiplombe, mbele ya mwanamke nisiyemjua na watu wawili waliokuwa wakipita na ng’ombe, nikapiga kelele kwamba Mama anasema ulikuwa sawa, ulimwambia atapumzika, na ni kweli, Baba alipokufa alipumzika. Nilikuwa sijawahi kulisema jambo hilo hata kwa kunong’ona. Wale wenye ng’ombe waligeuka. Masikio yangu yalikuwa moto.

“Mimi nilisema hivyo?” Anti aliuliza. “Lini?”

“Siku ya matanga. Chumbani.”

“Siku ya matanga nilikuwa napika chai ya watu mia. Sikumbuki kama nilisema hivyo. Kwani ndiyo sababu?”

Mama alikuwa amesikia yote kwenye spika.

“Mimi nilidhani alinichoka tu,” Anti alisema. “Mtu anaweza kukuchoka. Nikasema, sawa, amenichoka, na sikutaka kumsumbua.”

Mama alianza kulia kwa ile nusu ya uso inayoweza. Anti alisikia, na safari hii hakuuliza ni nani. Alisema maneno fulani ya kubembeleza, mengine kwa Kikuyu ambayo sikuyaelewa. Kisha simu ikakatika, na nilipopiga tena nikaambiwa mteja hapatikani.

Tulirudi nyumbani mteremko wote breki zikilia.

Tulipanga kwenda Ol Kalou. Ningechukua likizo mwezi wa nane, tukodi gari hadi huko. Katikati tuliongea na Anti mara mbili au tatu, mimi nikiwa mkalimani, na sikulainisha neno hata moja, lakini yalikuwa mazungumzo ya watu wawili wanaopigiana kelele kutoka ng’ambo mbili za mto. Mama hakuweza kumuona akicheka. Anti hakuweza kumuona Mama hata kama angeletwa mbele yake, macho yalikuwa yanaisha, ila angemshika mkono, na nafikiri mkono ungetosha. Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, Mama alipatwa na kiharusi cha pili. Kilikuwa kidogo, daktari alisema, lakini safari ndefu akaikataza. Binti ya Anti alinipigia baadaye kunieleza kwamba mama yake naye siku hizi hashiki simu, anaiogopa, anafikiri wanaompigia ni watu wa kumdanganya. Wote wawili wako hai ninapoandika haya. Hawajaonana, na sidhani kama wataonana.

Watu huniambia nimefanya jambo kubwa, kumtengenezea mama yangu baiskeli. Fundi aliipiga picha, akaitundika karakana, na wateja wawili wameagiza kama hiyo. Mimi huwaza tu kwamba ningeitengeneza mwaka mmoja mapema, ilikuwa pale ukutani. Au siku ile ya kwanza, kabla sijafunga mkanda, ningesema neno moja tu: wapi? Kiplombe ni karibu kuliko soko.

Kuna jambo lingine linalonikaa zaidi ya hilo. Miaka yote ile Mama alikuwa na mdomo mzima. Alikuwa msimulizi, sokoni watu walinunua nyanya wasizozihitaji ili wamalizie hadithi. Na miaka hiyo yote tulikaa chini ya picha ya mtu mwenye tai, kila mmoja akimlindia mwenzake huzuni ambayo hakuwa nayo. Tungeweza kuzungumza. Tungeweza hata kumcheka Baba, na kumlilia vizuri, maana kulikuwa na mazuri pia, najua yalikuwepo.

Jumapili baada ya kanisa bado nampeleka, polepole, kwenye njia zisizo na milima. Sasa ni yeye anayetaka kusema. Wiki iliyopita alianza kunisimulia kuhusu Baba, kabla mimi sijazaliwa, kitu kuhusu lori, na mvua, na mahali fulani barabara ya Kitale, na alikuwa akicheka akisimulia. Nilinasa lori na mvua. Yaliyobaki yalichukuliwa na upepo na huo mdomo ambao sasa hata mimi unanishinda.

“Rudia, Mama,” nilisema.

Akarudia, tangu mwanzo, kwa subira. Niliinama juu ya mpini hadi uso wangu ukakaribia kitambaa chake. Bado sikuelewa.

“Ndiyo,” nilisema. “Ndiyo, Mama.”

Aliiacha hadithi yake hapo, akainua mkono wake mzuri na kunionyesha mbele, nitazame njia.